Mti wa Sartre uliokataa kuwa ishara

Mwanafunzi wa fasihi akikutana na mti ndani ya riwaya au shairi, swali la kwanza analoulizwa darasani huwa ni hili: mti huo unaashiria nini? Naye, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa, hujibu bila kusita kwamba mbuyu ni utawala mkongwe, mzizi ni asili ya jamii, na jani likaukalo ni kifo. Alama hutolewa, ukurasa hufunguliwa, na mti husahaulika. Ni nadra kwa mwalimu kuuliza iwapo mti huo, kabla ya kuashiria chochote, ulikuwa mti.

Ipo riwaya moja ya Kifaransa ambayo swali hilo huigonga na kurudi mikono mitupu. Iliandikwa na Jean-Paul Sartre, ikachapishwa mwaka 1938 kwa jina la La Nausée, yaani Kichefuchefu. Ndani yake mna mzizi wa mti ambao umekuwa maarufu kiasi kwamba ni vigumu kuizungumzia fasihi ya udhanaishi bila kuutaja. Nia ya makala haya ni kuyasimulia maisha ya mwandishi huyo kwa kuufuata mti wake tangu utotoni hadi uzeeni, maadam naamini kwamba maisha hayo yanatupa sisi tunaofunza na kujifunza fasihi funzo moja kubwa pamoja na onyo lake.

Sartre alizaliwa jijini Paris tarehe 21 Juni 1905. Baba yake, afisa wa jeshi la majini, alifariki mwaka uliofuata, na mjane wake, Anne-Marie, akarejea kwa wazazi wake akiwa na mtoto mchanga. Mama huyo alikuwa wa ukoo wa Schweitzer. Binamu yake ndiye Albert Schweitzer, daktari aliyejulikana baadaye kwa hospitali yake ya Lambaréné katika nchi ya Gabon. Kichwa cha nyumba alikuwa babu, Charles Schweitzer, mwalimu wa Kijerumani mwenye ndevu za kutisha na maktaba ya kutisha zaidi. Ndani ya maktaba hiyo ndimo alimolelewa mtoto Jean-Paul. Jicho lake la kulia liliharibika angali mdogo, akabaki na makengeza, na kwa kuwa alikuwa mfupi na dhaifu, watoto wenzake waliocheza katika Bustani ya Luxembourg hawakumwalika katika michezo yao.

Mtu asipoalikwa nje hukaa ndani. Katika Les Mots, kitabu cha kumbukumbu za utoto wake kilichotoka mwaka 1964, Sartre alieleza kwamba wanyama, ndege na mimea aliijua kwanza ndani ya kamusi kubwa ya Larousse. Alipopelekwa kuvitazama viumbe hivyo kwa macho, vilimwonekania kama nakala hafifu za vile vya kitabuni: nyani wa bustani ya wanyama alipungukiwa na unyani, na binadamu wa Bustani ya Luxembourg alipungukiwa na ubinadamu. Kwa wengi wetu kitu hutangulia na jina lake hufuata. Kwa mtoto huyu jina ndilo lililotangulia, na kitu kikafuata nyuma kikihema.

Kumbukumbu hizo zina kisa kimoja ambacho wahakiki wengi hukipita haraka. Sartre anasimulia kwamba alipokuwa mdogo alisoma katika gazeti la Le Matin hadithi fupi iliyomgandisha damu. Ilikuwa jioni ya kiangazi, na mwanamke mgonjwa alikuwa amelala peke yake katika chumba cha ghorofani, katika nyumba ya shamba, huku mti ukipenyeza matawi yake dirishani. Waliokuwa chini wakaona majani ya mti huo yanatikisika, wakatoka nje kuutazama upepo, kumbe hapakuwa na upepo wowote. Mara kikasikika kikulele. Mumewe alipopanda mbio alimkuta mgonjwa ameketi wima kitandani, akiuelekeza mti kidole, kisha akaanguka na kufa. Mti nao ukarudia utulivu wake wa kawaida kana kwamba halikutokea jambo. Mti huo ulikuwa wa jamii ambayo Wafaransa huiita marronnier. Nasi, kwa kuwa Kiswahili hakina jina lake, tuuite mchestinati. Ni mti mkubwa wa Ulaya, mwenye majani yaliyotandazwa kama vidole vya kiganja, unaopandwa kwa wingi kando ya barabara na katika bustani za miji ya Ufaransa. Msomaji auweke akiba mti huu, kwani atakutana nao tena.

Mwaka 1917 mama yake aliolewa tena, na familia ikahamia La Rochelle, mji wa bandari ambako kijana hakupata raha. Alirudi Paris, na mwaka 1924 akaingia chuo mashuhuri cha École normale supérieure. Mwaka 1928 alianguka katika mtihani wa taifa wa kuteua walimu wa falsafa. Mwaka 1929 akaurudia na kuwa wa kwanza katika nchi nzima. Wa pili alikuwa Simone de Beauvoir, binti wa miaka 21, na tangu mwaka huo wawili hao waliandamana kimawazo hadi kifo.

Beauvoir alipenda milima, mashamba na matembezi marefu. Sartre hakuvipenda. Beauvoir anakumbuka katika maandishi yake kwamba mwenzake alidai kudhurika na ukijani wenyewe wa mimea, na kwamba malisho ya shambani yalimchosha asiweze kuyavumilia ila kwa kuyasahau. Hata katika chakula, Sartre alikipendelea kilichopitia mikononi mwa mtu kuliko kilichochumwa mtini: keki ilimfaa kuliko tunda, kwa sababu keki ilibuniwa na kutengenezwa, ilhali tunda limejiotea tu. Huyu basi ndiye mtu aliyeupa udhanaishi mti wake mashuhuri: mtu wa lami, mikahawa na vitabu, ambaye majani mabichi yalimkera. Mwenye kuishi na miti hazioni ajabu zake. Pengine ilihitajika mgeni kabisa wa miti ili auone mti mmoja kana kwamba ndio wa kwanza duniani.

Mwaka 1931, baada ya utumishi wa jeshi katika kitengo cha hali ya hewa, Sartre alipangiwa kazi ya kufunza falsafa katika shule ya sekondari ya Le Havre, mji mwingine wa bandari, kaskazini mwa Ufaransa. Beauvoir alipelekwa Marseille, upande wa pili wa nchi, nao wakawa wanaandikiana. Katika barua ya Oktoba mwaka huo, Sartre alimweleza kwamba alikwenda kuutazama mti. Aliingia katika bustani ya mjini, akajichagulia kiti na mti, akakaa akiukodolea macho kwa muda wa dakika 20 hivi. Muda huo wote alijaribu kila mfano aliokuwa nao, akiulinganisha mti na hiki na kile, hadi akaishiwa na mifano. Akatambua kwamba kazi ya mifano yote ile ilikuwa ni moja, nayo ni kuufanya mti uwe kitu kingine kisichokuwa mti. Aliondoka ameridhika, akiamini kuwa mjini Le Havre ndiko alikofahamu mti ni nini. Tatizo lilikuwa moja dogo: hakujua ni mti wa aina gani, na akamwomba Beauvoir amtambulishie kwa maelezo ya majani yake. Ulikuwa mchestinati.

Mimi ni mwanaisimu, na barua hiyo naithamini kuliko kurasa nyingi za falsafa. Hebu tuitazame kwa jicho la lugha yetu. Kiswahili kina utaratibu mwepesi na wa kupendeza wa kuipa miti majina: huchukua tunda, kikaliongezea kiambishi, na mti ukapatikana. Embe lina mwembe wake, chungwa lina mchungwa wake, na nazi, pera na korosho vina mnazi, mpera na mkorosho. Hata pasipokuwa na tunda la kuliwa, jina hutafuta manufaa; mwarobaini umeitwa hivyo kwa kusadikiwa kuponya maradhi arubaini. Yaani lugha yetu haiutaji mti ila imeshatwambia unatufaa kwa lipi. Jina ni daftari la mahitaji yetu. Si kosa, kwa kuwa lugha zote hufanya hivyo kwa njia zake, na mkulima asiyejua mti gani humzalia nini atakufa njaa. Lakini swali la Sartre pale kitini lilikuwa hili: tukilifuta daftari hilo, tukaondoa tunda, kivuli, kuni, dawa na mifano yetu yote, kinachobaki pale mbele yetu ni nini?

Jibu lilimchukua miaka saba. Kwa simulizi ya Beauvoir, rafiki yao Raymond Aron, aliyekuwa ametoka Berlin, alikaa nao katika mkahawa mmoja wa Paris, akamwonyesha Sartre gilasi ya kinywaji cha aprikoti na kumfahamisha kwamba Wajerumani wa mkondo wa fenomenolojia waliweza kuitolea falsafa hata gilasi ile. Sartre, aliyekuwa akitafuta njia ya kuvizungumzia vitu vyenyewe, alibadilika rangi kwa msisimko. Akaenda Berlin mwaka 1933, akakaa hadi 1934 akimsoma Husserl asubuhi na kuiandika riwaya yake jioni. Mwaka 1935, akifanya utafiti kuhusu taswira akilini, alikubali kudungwa sindano ya meskalini, dawa ambayo asili yake ni dungusi wa Mexico, katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris. Vitu vilimpotokea mbele ya macho, na kwa muda mrefu baadaye aliandamwa na maruerue ya kaa. Hivyo mmea mwingine ukachangia katika kitabu chake, ingawa huo ulipitia mshipani.

Mswada uliandikwa na kuandikwa upya. Beauvoir alimshauri aupunguzie ukavu wa falsafa, autie mvuto wa hadithi. Mwaka 1936 kampuni ya uchapishaji ya Gallimard iliukataa, jambo lililomuumiza sana mtunzi. Baadaye ikaukubali, na mwenye kampuni mwenyewe, Gaston Gallimard, ndiye aliyependekeza jina la La Nausée badala ya Melancholia.

Mhusika mkuu ni Antoine Roquentin, msomi mpweke anayeishi katika mji wa bandari uitwao Bouville, ambao ni Le Havre iliyovishwa jina jingine. Anaandika historia ya mtu wa karne ya kumi na nane, na siku hadi siku anashikwa na kichefuchefu asichojua chanzo chake. Kokoto mkononi, gilasi ya bia, mkono wake mwenyewe, vyote vinaanza kumtia kinyaa. Kisha jioni moja anaketi kwenye benchi katika bustani ya mji. Chini ya miguu yake, mzizi wa mchestinati umezama ardhini. Anautazama, na ghafula neno mzizi linamtoka. Pamoja na neno, zinamtoka pia kazi za vitu na alama ambazo wanadamu wamezichora juu yake. Anajaribu kujisaidia kwa elimu, akijiambia kwamba mzizi ni pampu ya kufyonza maji. Maelezo hayo ni kweli, walakini yanafaa kwa mizizi yote kwa jumla, na hayasemi lolote kuhusu donge hili jeusi lenye mafundo lililoko hapa, sasa, mbele yake. Anajaribu mifano: nyoka, kucha, ngozi ya mnyama. Yote inateleza. Mzizi upo tu. Hakuna sababu ya kuwapo kwake, wala hakuna sababu ya kutokuwapo. Ni ziada. Na punde Roquentin anatambua kwamba bustani yote ni ziada, na yeye mwenyewe ni ziada vilevile.

Hilo ndilo fumbo la mti wa Sartre, nalo si fumbo hata kidogo. Wanafunzi wangu huniuliza mzizi ule unaashiria nini: je, ni upweke, au ubepari, au kifo cha Mungu? Jibu ni kwamba tukio zima limejengwa juu ya kushindwa kwa mzizi kuashiria. Mwandishi anatuonyesha ishara zikivunjika moja baada ya nyingine. Hofu aliyoipata akiwa mtoto aliposoma gazeti la babu ilikuwa hofu ya mti wenye nia ya siri ndani yake. Hofu ya Roquentin ni kubwa zaidi, kwa kuwa mti huu hauna nia yoyote, wala siri, wala habari naye.

Si wote waliompokea Sartre kwa shangwe. Kijana mmoja wa Algeria, Albert Camus, aliihakiki riwaya hiyo mwaka huohuo wa 1938 katika gazeti la Alger républicain. Aliusifu ufundi wake, lakini akalalamika kwamba mwandishi aliyaona maovu ya dunia akausahau uzuri wake. Camus alikulia katika ufukara chini ya jua la Afrika Kaskazini, na mwaka uliofuata katika Noces akaandika juu ya mipakanga na maua yanayoota katikati ya magofu ya Tipasa, mimea inayomkumbatia mtu asiyekuwa na mbingu nyingine. Wawili hao huwekwa na walimu katika kapu moja la udhanaishi, ingawa Camus alilikataa jina hilo. Atakaye kuiona tofauti yao upesi na aitazame mimea yao. Urafiki wao ulivunjika mwaka 1952 kwa sababu za siasa. Camus akafa tarehe 4 Januari 1960, gari alimopanda lilipougonga mti kando ya barabara huko Villeblevin. Wapo waliotaka kulifanya hilo nalo kuwa ishara. Lilikuwa ajali, na mti ulikuwa mti.

Vita vilimtoa Sartre bustanini. Alitekwa na Wajerumani mwezi Juni 1940, siku aliyotimiza miaka 35, akazuiliwa katika kambi ya wafungwa ya Trier hadi Machi 1941. Huko, katika msongamano wa watu, mpweke wa Le Havre alijifunza kuishi na wenzake. Kitabu chake kikubwa cha falsafa, L'Être et le néant, kilitoka mwaka 1943. Tarehe 29 Oktoba 1945 alihutubia umati uliofurika ukumbini Paris, akiutetea udhanaishi kuwa ni falsafa ya utu. Alifafanua siku hiyo kwamba binadamu kwanza yupo, kisha hujifanya mwenyewe kwa matendo yake, na kwamba hapo ndipo anapotofautiana na kuvumwani, uozo au koliflawa. Mmea umerudi, safari hii kama kipimo: koliflawa haichagui kuwa koliflawa, lakini mtu huchagua, na kwa hiyo anawajibika. Roquentin aliyejiona ni ziada sawa na mzizi amejibiwa. Ni kweli hatukuitwa duniani na yeyote. Lakini mzizi hauwezi kufanya lolote kuhusu jambo hilo, nasi tunaweza.

Hapa sasa linafika lile onyo nililolitaja, nalo linatuhusu Waafrika moja kwa moja. Mwaka 1948 Léopold Sédar Senghor alikusanya mashairi ya washairi weusi na wa Madagaska waliotumia Kifaransa, na Sartre akamwandikia dibaji ndefu aliyoiita Orphée noir, yaani Orfeo Mweusi. Ilikuwa dibaji ya ukarimu na ushujaa, iliyowaambia Wazungu kwamba zamu yao ya kutazamwa imefika. Lakini isome kwa makini uone kilichompata mwandishi. Mzungu anachorwa kuwa mhandisi na mtu wa mashine, ilhali mtu mweusi anachorwa kuwa mkulima aliyeungana na ardhi, anayepanda na kuotesha, mwenye ushairi wa utomvu na mbegu. Ni kweli kwamba Césaire na Senghor wenyewe waliitumia miti na mimea katika tungo zao, tena kwa fahari. Lakini mshairi kujichagulia mti ni jambo moja, na mhakiki kuwageuza watu wa bara zima kuwa shamba ni jambo jingine. Mtu yuleyule aliyekaa dakika 20 mbele ya mti mmoja wa Le Havre, akakataa kuufanya kuwa kitu kingine, alikosa subira hiyo mbele ya mamilioni ya wanadamu. Mti aliupa heshima ya kuwa mti, na mtu mweusi akamfanya ishara.

Zaidi ya hayo, Sartre aliieleza Negritude kuwa hatua ya kupitia tu katika mwendo wa historia, hatua itakayofutika ili jamii isiyokuwa na ubaguzi izaliwe. Frantz Fanon, daktari kijana kutoka Martinique, alimjibu mwaka 1952 katika Peau noire, masques blancs. Aliona kwamba rafiki huyu wa watu weusi amemnyang'anya kitu alichokuwa anakihitaji, kwa kuwa maana ya maisha yake ilikuwa imeshaandaliwa na mtu mwingine kabla yeye mwenyewe hajayaishi. Sijui mhakiki mwingine aliyemkosoa Sartre kwa silaha za Sartre mwenyewe kwa ustadi kama huo. Fanon alidai kile kile ambacho Roquentin alikiona mzizini: kwamba kilichopo kipo kwanza, kabla ya nadharia kukipangia kazi.

Kwa sifa yake, Sartre hakuukimbia mjadala. Mwaka 1960 alitia saini tamko la wasomi 121 la kutetea haki ya kukataa kupigana vita vya Algeria. Mwaka 1961 Fanon, akiwa karibu na mauti, alipata kwake dibaji ya kitabu chake cha mwisho, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Mwaka huohuo, na tena mwaka 1962, nyumba ya Sartre ililipuliwa kwa mabomu na wafuasi wa ukoloni. Mwaka 1964 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi, akaikataa. Na katika mwaka huohuo alikiri gazetini kwamba La Nausée haina uzito wowote ikipimwa na mtoto anayekufa. Wengi waliyachukulia maneno hayo kuwa ni kuikana kazi yake. Mimi nayaona kuwa mwendelezo wake. Aliyejifunza kukitazama kitu bila kukifunika kwa maneno, hana budi siku moja kumwona mtoto mwenye njaa bila kumfunika kwa nadharia.

Mwaka 1973 jicho lake la kushoto, lililokuwa limebeba kazi yote tangu utotoni, nalo lilimwisha nguvu. Mtu aliyewafunza wasomaji wa karne ya ishirini namna ya kutazama hakuweza tena kusoma wala kuandika. Alifariki Paris tarehe 15 Aprili 1980, na makumi ya maelfu ya watu wakalisindikiza jeneza lake hadi makaburi ya Montparnasse, ambako Beauvoir alizikwa pamoja naye mwaka 1986.

Tumenufaika nini kwa haya sisi wa Kiswahili? Falsafa hii si ngeni katika riwaya yetu. Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alituachia Kichwamaji mwaka 1974, na swali la iwapo maisha yana maana limekuwa likisomwa madarasani mwetu tangu hapo. Lakini tunaweza kuifunza falsafa hiyo kwa maneno huku tukiisaliti kwa vitendo, iwapo kila mti tunaokutana nao kitabuni tunaukimbiza kuufanya kitu kingine kabla hatujautazama.

Sisemi ishara zifutwe. Mbuyu katika simulizi zetu umebeba mizimu na viapo kwa karne nyingi, na mwanafunzi asiyelijua hilo hajui fasihi yake. Ninachopendekeza ni mpangilio wa maswali. Mwalimu na aulize kwanza: huu ni mti gani, umesimama wapi, una umri gani, nani anautazama, na ana njaa au ameshiba? Mwanafunzi akishayajibu hayo kutokana na maandishi yenyewe, ndipo aulizwe unaashiria nini. Na awe na ruhusa ya kujibu, kwa ushahidi, kwamba hapa hauashirii kitu. Jibu hilo nalo listahili alama.

Kwani mazoea ya darasani hayaishii darasani. Kijana aliyezoea kuuona mti na kusema papo hapo huu ni ukoloni, kesho atamwona mtu wa kabila jingine, au mkimbizi, au ombaomba wa mjini, na papo hapo atajua anaashiria nini. Sartre, pamoja na akili yake yote, aliliepuka kosa hilo kwa mti asilepuke kwa watu. Na sisi, ambao mara nyingi tumekuwa watu wanaosomwa na wengine kama ishara, tuna sababu zaidi ya kulikwepa.